Sirili Aliposema Kushoto Kumetulia

Sirili wa Mwika aliongoza wageni mlimani miaka ishirini na sita. Wapagazi walikuwa wakisema mnyama asiyeonwa na Sirili basi hayupo. Msituni aliwaonyesha wageni mbega kabla tawi halijatikisika. Kule juu kwenye uwanda wa Shira, wengine walipoona mawe, yeye aliona pofu wamelala wakicheua.

Kwaresima ya mwaka jana daktari mjini Moshi alimwambia ana presha ya macho. Angeendelea kupoteza uwezo wa kuona pembeni, kidogo kidogo, na kilichopotea hakirudi. Sirili alitia dawa mfukoni akarudi nyumbani. Mkewe, Hilda, alipomuuliza, alijibu ni vumbi tu. Nani angemwajiri mwongozaji asiyeona? Akajizoeza kugeuza shingo huku na huku, na watu wakadhani ni umakini wa mtu mzima.

Mwezi wa Agosti akapeleka wageni watatu Shira. Hawakuwa na haja na kilele. Walitaka kutembea na kutazama wanyama. Msaidizi wake alikuwa Antoni, jirani yake, baba wa watoto wawili, ambaye kazi yote alifundishwa na Sirili mwenyewe.

Asubuhi ya siku ya tatu ukungu ulipasuka, na pofu saba wakaonekana mbele, migongo yao iking'aa kwa umande. Wageni walipiga magoti na kamera zao. Antoni akaona kijia kinachokatiza vichakani, ambako wangewaona vizuri zaidi.

"Kaka, kushoto kumetulia?"

Sirili hakugeuza shingo. Mgeni mmoja alikuwa amemkazia macho, na tangu jana alishamuuliza mbona anageukageuka hivyo, kwani kuna hatari?

"Kumetulia. Pita."

Antoni akatangulia. Hakufika hatua kumi. Nyati dume, mzee aliyejitenga na kundi, alikuwa amesimama kichakani upande uleule wa kushoto. Sirili alisikia matawi yakivunjika, na alipogeuka Antoni alikuwa tayari chini. Wapagazi waligonga sufuria na kupiga kelele mpaka nyati akaondoka. Wakambeba Antoni kwa machela. Njiani aliomba maji mara mbili, akamwita mama yake kwa Kichagga, kisha hakuita tena.

Msibani watu walimpa Sirili pole. "Nyati hapigi hodi," walimwambia. Kila pole ilimchoma. Wiki mbili hakula akashiba, hadi jioni moja akamweleza Hilda kila kitu, pale jikoni. Hilda akafuta mikono kwenye kanga.

"Kachume sale," akasema. "Uende kwa Mektrida."

Mektrida, mjane wa Antoni, alikuwa akimkatia ng'ombe mgomba. Sirili alisimama mbele yake, jani la sale limefungwa fundo mikononi, kama Mchagga aombavyo msamaha.

"Shemeji, Antoni aliniuliza kama kushoto kumetulia. Nikamwambia apite, na sikuangalia. Hata ningeangalia, sijui kama ningemwona yule nyati. Macho yangu ni mabovu tangu Kwaresima."

Mektrida aliweka panga chini. "Antoni mwenyewe alijua?"

"Hakujua."

"Nilikuwa namwambia huko juu naogopa. Ananijibu, mama, nikiwa na kaka Sirili wewe lala."

 Sirili akamnyooshea jani kwa mikono miwili. Kwa Wachagga sale halikataliwi, hata pale damu ilipomwagika. Mektrida alilitazama muda mrefu, kisha akalichukua.

"Nimepokea kwa sababu ni sale," alisema. "Moyo wangu bado. Tukikutana njiani usinisalimie, mpaka nikusalimie mimi."

Kesho yake Sirili alikwenda mjini kwa waajiri wake, akaanza kueleza yote. Walimwachisha kazi kabla hajamaliza. Habari ikapanda mlima kabla yake, na kaka wa Antoni alikuja uani kumtukana mbele ya watoto. Sirili alimsikiliza hadi mwisho.

Sasa macho yamezidi kufifia, anapalilia kahawa kwa kupapasa mashina. Jumapili Hilda humshika mkono kwenda misani. Mara nyingine hukutana na Mektrida kwenye kona ya mfereji, na Sirili humtambua kwa kikohozi chake. Husogea pembeni, akavua kofia, akanyamaza. Mektrida hupita.