Kiswahili cha Sabuni

Nilipokuwa chuo cha ualimu Shinyanga, nimepanga chumba mtaa wa Ngokolo, mkufunzi wetu alitufundisha nadharia mbili za namna mtu anavyopata lugha ya pili. Ya kwanza ilisema lugha ni mazoea: mtoto aige, arudie, akipatia asifiwe, akikosea akomeshwe. Ya pili ilisema lugha huingia kwa kusikia na kuelewa. Mtoto anaweza kukaa kimya miezi kadhaa akiikusanya, na hofu ikizidi hakuna kinachoingia. Nilizikariri zote mbili, nikafaulu mtihani.

Nikapangiwa kufundisha mkondo wa kwanza wa darasa la kwanza, katika shule ya msingi karibu na machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo. Watoto wengi walikuja na Kisukuma tu. Mwalimu wa mkondo wa pili, mwanamume wa umri wa kunizaa, aliweka dirishani kopo lenye kipande cha sabuni ya kufulia. Mtoto aliyesema "habali" badala ya "habari" aliitwa mbele akaing'ata. Kipande kilekile kwa wote. Kilikuwa na alama za meno madogo yaliyopishana, vumbi la chaki, na utelezi wa mate usiokauka. Mara ya kwanza nilidhani kimetafunwa na panya.

Siku moja nilipita pale akiwa amemsimamisha binti mmoja mgeni, ambaye mama yake alikuwa akiwapikia wachimbaji. Alitakiwa kusema "barabara", akasema "balabala". Akaing'ata sabuni, akatapikia sare yake uji wa asubuhi. Mwalimu alisubiri amalize.

"Fungua mdomo, ng'ombe wewe," akamwambia. "Rudia."

Nilimfuata ofisini wakati wa chai. Nilimwambia ule ni uchafu na utaleta magonjwa, na kwamba hata sabuni ingekuwa mpya, mtoto mwenye hofu hajifunzi. Alikuwa anakula kiazi kitamu, akanisikiliza kwa upole kabisa. Akasema ulimi hufundishwa kama ng'ombe wa plau, hauhitaji maelezo. Kisha akalamba vidole. Sikuimaliza chai yangu. Mwalimu mkuu naye alisema wanafunzi wa mwenzangu wanasoma vizuri, lakini kwa kuwa darasa lake lilifurika, akaniruhusu nimchukue yule binti.

Muhula mzima hakusema neno la Kiswahili, nami sikumlazimisha. Nikimwambia alete chaki, alileta. Nikisimulia habari za fisi, alicheka mahali pa kucheka, kabla ya wenzake. Nikaanza kujipongeza kwamba anakusanya.

Kweli alikuwa anakusanya. Muhula uliofuata, siku moja wakati wa mapumziko, nilimkuta bombani amemshika kidevu mtoto mdogo aliyemwaga maji, na mkono wa pili una bonge la tope.

"Fungua mdomo, ng'ombe wewe," alisema. "Rudia. Barabara."

Kila r ilikuwa mahali pake. Hata ule utulivu wa sauti ya mwalimu alikuwa ameuchukua. Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya Kiswahili niliyomsikia akiyatamka.

Mwenzangu alikuwa nyuma yangu, akacheka kwa furaha. "Umesikia? Imeingia," akaniambia. Akatoa pipi mfukoni, akampa. Binti aliimenya kwa vidole vyenye tope, akaitia mdomoni. Nilikwenda nyuma ya darasa nikatema mate.

Jioni nilimwendea mama yake kwenye kibanda chake cha ugali, jirani na mashimo. Nilimwamkia kwa Kisukuma, nikamweleza binti yake alichosema bombani. Akatabasamu, akamshukuru Mungu kwamba mtoto ameanza kuongea. Matusi hayakumshangaza. Yeye mwenyewe, alisema, Kiswahili chake alikipatia hapohapo kwa wachimbaji, na matusi ndiyo yaliyotangulia. Ndipo nikamweleza habari za sabuni. Akauacha mwiko sufuriani, akauliza kama ni sabuni moja inayong'atwa na watoto wote. Nikakubali.

Kesho yake alikuja shuleni, akaingia moja kwa moja darasani kwa mwenzangu, watoto wakiwa wamekaa. Hakumsalimu. Aliitoa sabuni koponi, akamnyooshea.

"Mwalimu, ing'ate wewe," alisema. "Nikuone."

Mwenzangu aliitazama sabuni ile kwa karibu, pengine kwa mara ya kwanza. Nilikuwa mlangoni, nikaona uso wake unakunjamana kwa kinyaa. Hakuigusa. Mama akatoka nayo, akaitumbukiza chooni, akarudi kwenye ugali wake.

Tangu siku ile sijaona sabuni nyingine dirishani. Binti nilikaa naye mwaka mzima nikimpa maneno mengine: ya kuomba, ya kupokea, ya kumtuliza mtoto anayelia. Aliyapokea polepole. Akikasirika bado hurudia yale ya kwanza, bila kosa hata moja la matamshi.

Mwenzangu, kwenye semina za kata, huombwa awaeleze walimu wengine siri ya watoto wake kutamka vizuri namna ile. Husimama, akasema ni kurudia, kurudia tu, na uvumilivu. Walimu hupiga makofi. Mimi hukaa viti vya nyuma na mikono yangu mapajani.