Mfereji wa Baba na Bunduki ya Mama Noma

Harufu ya gundi ya paipu hunitoa machozi, na si kwa sababu ni kali. Juzi fundi alikuja kuziba paipu inayovuja bafuni kwangu, akafungua kile kikopo, nami nikaketi ukingoni mwa kitanda kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Akaniuliza kama niko sawa. Nikasema niko sawa. Ninyi sitawadanganya: sikuwa sawa.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tuliishi Uthiru, pembeni mwa Nairobi, chumba kimoja, na hapo karibu palikuwa na kibanda cha video chenye mabenchi manne na televisheni iliyofungwa minyororo utadhani ingetoroka. Didijei, yule mtafsiri wa filamu, aliifunika filamu yote kwa sauti yake, akampa kila mtu jina alilotaka yeye. Ndivyo nilivyomjua Mama Noma, kapteni wa chombo cha angani, mwenye bunduki ya mwanga yenye vishikio viwili vya kuzungusha, kimoja cha moto, kingine cha baridi. Jina la filamu limeshanitoka, ila bunduki ile ningeichora hata sasa nikiwa nimefumba macho. Sisi watoto wa ploti, ua mmoja wa vyumba vya kupanga, tuliigiza filamu hiyo kila jioni, na wavulana walitoa sheria: kapteni ni mwenye bunduki. Basi nikaapa kuitengeneza, tena iwe ile ile, si ya kijiti.

Mtutu ulikuwa kipande cha paipu alichobakisha baba kazini. Kioo nilikitoa kwenye tochi iliyokufa. Kitufe na kijitaa nilipewa na fundi wa redio baada ya kumfagilia kibanda wiki nzima, na jamaa yule alikuwa mchafu, Mungu anisamehe. Vikabaki vishikio. Nilipekua jalala, nikamsumbua muuza vyuma kuukuu mpaka akanifukuza. Na huku nyumbani, chini ya kitanda, ndani ya mkoba wa baba, ulilala mfereji mzee wa bafu, wa shaba, wenye vishikio viwili vya kuzungusha. Haukuwa umetoa tone la maji tangu sijazaliwa. Nikajiambia, nani atalilia maiti ya mfereji? Nikaupeleka kwa fundi wa kuchomelea, akanikatia vishikio, na kiwiliwili akakitupa kwenye gunia lake la vyuma. Jioni hiyo nilikuwa kapteni.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapo nilifanya kosa ambalo mtoto wa daktari hawezi kulifanya. Baba yangu alikuwa fundi wa mifereji asiye na duka. Kila asubuhi aliketi juu ya jiwe kando ya barabara pale Adams Arcade, pamoja na mafundi wenzake, wakingoja mtu mwenye kazi. Pale hakuna kibao wala tangazo. Kila mmoja huweka mbele yake kitu kinachomsemea. Baba Akinyi, rafiki yake wa jiwe la pili, alikuwa fundi wa rangi, akaweka brashi zilizokauka. Baba aliweka ule mfereji. Mwenye gari akipita huku anawaza bafu yake inayovuja, aliuona, akasimama. Hivyo ndivyo tulivyokula.

Siku ya kwanza baba alirudi mikono mitupu. Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu tukalala na chai ya rangi. Nilimsikia akimwambia mama, "Huo mkoba hakuna mtu hushika. Ni Baba Akinyi tu huniangalilia nikienda choo." Ningesema hapo hapo. Badala yake nilijifunika blanketi nikajifanya nakoroma. Kesho yake baba alimwita mwenzake mwizi mbele ya mafundi wote. Watu wawili waliofika Nairobi kwa basi moja, walioazimana hadi sufuria! Baba Akinyi alikusanya brashi zake, akahamia Dagoretti Corner, mbele zaidi kwenye barabara hiyo.

Jumamosi nilitia bunduki kwenye mkoba wa shule, nikaenda mjini kutafuta pacha wa ule mfereji. Nilikuwa nimechanganyikiwa, sijui hata ningeulipia nini. Niliingia duka baada ya duka huko River Road, nikionyesha vile vishikio, nikichekwa hadi nikalia. Duka la mwisho lilikuwa la mzee mmoja wa Lamu, mwenye kofia nyeupe. Nikamsalimia kama mwenzangu, "Sasa?" Akaendelea kupanga bidhaa zake. Nikakumbuka adabu, nikasema shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Una nini hata walia?"

Nikamwaga yote. Alinisikiliza, akashusha mfereji mpya unaong'aa, akaushika tu mkononi.

"Hata nikikupa huu bure, babako hautamfaa. Mpya huu wauza duka. Ule mkongwe ulikuwa ukimuuza yeye. Nenda kamwambie. Njia ya mwongo ni fupi."

Nilitembea kwa miguu hadi Adams. Baba alikuwa juu ya jiwe lake, na mbele yake hapakuwa na kitu, vumbi tu. Nikatoa bunduki, nikasema, "Baba, ni mimi." Nilifumba macho nikingoja kofi. Halikuja. Nilipoyafumbua alikuwa akizungusha vishikio polepole, akavitambua. Akabonyeza kitufe, taa ikawaka.

"Umetengeneza wewe?"

"Ndiyo, baba."

Akanirudishia, akanishika mkono, tukaenda moja kwa moja hadi Dagoretti Corner.

"Baba Akinyi," alisema, "nilikukosea. Mfereji ulikuwa kwangu, kwa nyumba."

"Kwako?"

"Kwangu."

Baba Akinyi alimtazama sana. Mimi nilisimama kando, nimekumbatia mkoba wangu kifuani. Kisha akampa mkono. "Sawa. Imeisha."

Nilirudi nyumbani nikirukaruka. Baba alipata mfereji mwingine mbovu uliong'olewa katika nyumba moja ya Westlands, na kazi ikarudi, polepole. Baba Akinyi hakurudi kwenye jiwe lake. Nilipouliza, baba alisema kule Corner kuna kazi nyingi, nami nikaamini, kwa kuwa kuamini kulinifaa.

Mwaka jana Baba Akinyi alifariki. Nilikwenda matangani, nikaketi na Akinyi jikoni tukimenya viazi. Akasema, bila hasira, "Unajua mzee alikufa hajaelewa? Alikuwa akiuliza, kwa nini Baba Nekesa alificha mfereji wake mwenyewe ndio anifukuze pale?"

Mimi ndiye Nekesa. Baba aliposema "kwangu" alikuwa akinifunika mimi, nisibebe jina la mwizi mbele za watu, na lile blanketi lilimgharimu rafiki wa pekee aliyekuwa naye mjini. Nilimweleza Akinyi yote, kuanzia kibanda cha video. Alimaliza kiazi chake, akachukua kingine.

"Na wewe ulikuwa wapi wakiongea?" akaniuliza.

Nilikuwa pale pale, kando yao, na mdomo wangu ninao.