Kosa la Tano la Mdogo Wake

Wachezaji walimwita Bi Kisiki, kwa kuwa walimzomea, wakamtukana, hata wakamlilia, naye hakutikisika. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupuliza filimbi katika ligi kuu ya kikapu ya nchi yao, na kwa miaka kumi na minane kila Jumamosi alifunga magoti bandeji akaenda kazini.

Siku ya fainali ile, refa aliyepangwa aliteguka kifundo cha mguu wakati wa kupasha misuli. Aliyebaki ni yeye tu, na nahodha wa timu moja alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Makocha wote wawili wakatia saini kwamba hawana pingamizi.

"Huyu hanipendelei hata mnofu mezani," mdogo mtu alitania. Watu wakacheka.

Zilibaki sekunde sita, timu yake iko nyuma kwa pointi moja. Akapenya, akamvaa mlinzi aliyesimama imara, mpira ukaingia. Filimbi ikalia. Kosa la mshambuliaji, kikapu kimefutwa. Lilikuwa kosa lake la tano, kwa hiyo nje.

"Dada!" alisema. Hilo tu.

Wakala wa wachezaji aliyekuja kumtazama nahodha huyo akaondoka na mchezaji wa timu pinzani. Mdogo mtu akaacha kikapu, akaenda kuuza matairi, akawa hasemi na dada yake. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Jamaa wote wakashika majembe. Mama yao peke yake ndiye aliyehangaika.

"Mwanangu, si ungefumba jicho?"

"Nilikuwa nimeshapuliza, mama," akajibu, kama mtu anayetaja bei ya sabuni.

Bi Kisiki aliutazama mkanda wa mechi mara nyingi. Kosa lilikuwa kosa. Akangoja aumie, au walau ajivune. Hakikuja chochote. Akaendelea kupika, kulala, kupuliza.

Mwaka wa nne mama alilazwa, nao wawili wakakutana kwenye benchi nje ya wodi.

"Umekula?" mdogo mtu aliuliza.

"Bado."

Akamkatia nusu ya mkate wake. Wakatafuna.

"Bega nililipeleka mwenyewe," alisema akiangalia sakafu. "Nilijua kabla hujapuliza."

"Najua."

Bi Kisiki alisubiri moyo umruke. Haukuruka.

Mama alipona, akarudi nyumbani. Siku hizi mdogo mtu hupiga simu kila Jumapili, akaeleza habari za matairi kwa kirefu, naye humsikiliza huku akikunja nguo. Ila hakati simu mpaka yule akate kwanza.