Maikrofoni ya Sarangi

Nilikwenda Jedda kuwa dereva. Nyumbani Mombasa nilikuwa nimesomesha Kurani chuoni miaka mingi, na vipaza sauti vya msikiti wetu vilikuwa mikononi mwangu. Bosi wangu, Mhindi mwenye nyumba kubwa mtaa wa Al-Safa, alipolijua hilo alinipa na kazi ya pili. Baba yake alikuwa amekuja kumtembelea, na kila mzee alipoalikwa kupiga muziki, mimi ndiye niliyempeleka na kumtegea maikrofoni.

Mzee huyo tulimwita Ustadi. Alipiga sarangi, chombo kinachopigwa kwa uta kama fidla, lakini kifua chake ni ngozi ya mbuzi na nyuzi zake kuu ni za utumbo. Chini ya hizo zipo nyuzi nyembamba za chuma zisizoguswa. Zenyewe huitika tu, na mwitiko huo ndio roho ya sarangi. Kihindi changu cha dukani kilitutosha. Tuliswali pamoja, akaniita bhai, yaani ndugu.

Wanawe wote walikataa kuirithi kazi hiyo. Alibaki mjukuu mmoja, binti wa bosi, aliyekuwa akijiandaa kwenda chuo kikuu. Huyo alikuwa amesikia mazoezi kupitia ukuta tu.

"Babu, ni kama paka amebanwa na mlango," alimtania siku moja, na mzee akacheka hadi machozi yakamtoka. Kisha binti akamwahidi. Atasikiliza mara moja, kwa utulivu, mbele ya wageni. Ikimwingia moyoni, atajifunza. Isipomwingia, asiulizwe tena.

Tulikuwa na maikrofoni mbili. Moja ilikuwa nene, ya waimbaji, isiyosikia ila kilicho karibu. Kwa sarangi iliokota mkwaruzo wa uta ikauacha ule mwitiko. Nyingine nyembamba, yenye kusikia kila kitu, hata mtu akimeza mate, na mngurumo wa kiyoyozi kwayo ni kimbunga. Riyadh, kwa rafiki wa bosi, tuliitumia hiyo nyembamba. Tulizima viyoyozi, watu wakatulia, na sarangi ikalia hadi nikamwona mwenye nyumba akifuta macho.

"Bhai, ndiyo hii," Ustadi alisema tukirudi. "Na Jedda iwe hii hii."

Nikasema inshallah. Hatukuifikiria bahari ya Jedda.

Jioni ya ahadi wageni walijaa. Wanaume walikaa sebuleni na Ustadi. Wanawake, binti akiwa nao, walikaa chumba cha pili wakisikia kwa spika. Madirisha yalifungwa na mapazia yakashushwa, maana wakati ule muziki haukutakiwa kuvuka ukuta. Mlinzi wa geti, Mkenya mwenzangu, alinichungulia nikivuta waya.

"Maalim, chuo umefunga, sasa ni DJ? Nikiskia bass huku nje nakushtaki kwa imamu!"

"Wewe linda geti. Hii haina bass."

Nikazima viyoyozi. Ustadi alianza vizuri. Kisha joto la Jedda, lile la unyevu linalolowesha shati kabla hujafika garini, likaongezwa na pumzi za watu. Ngozi ikalegea. Nyuzi za utumbo zikashuka. Alikatiza, akazikaza, akapiga, zikashuka tena, na zile za chini zikaacha kuitika. Kule Riyadh hewa ni kavu kama karatasi. Hapa chombo kilikuwa kinalowa mikononi mwake. Na maikrofoni yetu nyembamba haikubakisha kitu. Kila kukaza na kila kukosea iliwafikishia wanawake.

Bosi akaninong'oneza, "Yalla, washa AC! Watu wanazimia."

Nikawasha, upepo ukanguruma kwenye spika. Nikaweka ile nene, ukabaki mkwaruzo mtupu. Kutoka chumba cha pili nikasikia kicheko kidogo, kikakatwa haraka. Ustadi naye alikisikia. Aliendelea hadi mwisho, macho ameyafumba, nami nikasoma kila dua niliyoijua huku kidole kiko kwenye kitufe. Hakuna kilichobadilika.

Wageni walipoondoka, binti alikuja akambusu babu yake mkono.

"Nilisikiliza, Babu. Wallahi nilisikiliza."

"Najua, mwanangu."

Hakumwomba asikilize tena. Mimi nilitamani kumweleza binti habari ya Riyadh, lakini sauti ambayo mtu hakuisikia utamweleza vipi? Nilimwambia Ustadi kwamba Mwenyezi Mungu hapotezi kazi ya mja wake. Akaitikia amin, kwa adabu, kama mtu anayepokea chai asiyoitaka. Namshukuru Mungu kwa mengi niliyoyapata kule. Kwa jioni ile bado natafuta namna ya kushukuru.

Asubuhi ya kurudi kwao nilimpeleka uwanja wa ndege. Tangu aje, sarangi ilisafiri mapajani mwake, imezungushiwa shali. Hata safari ndefu ya Riyadh hakukubali kuitua. Siku hiyo alinikabidhi.

"Weka kwenye buti, bhai."

"Buti lina joto, Ustadi. Ngozi itaharibika."

Alikuwa ameshaingia na kufunga mlango. Nikaiweka kiti cha mbele, kando yangu, nikaifunga mkanda, na njia nzima hakuuliza iko wapi.