Kikombe cha Rubani

Kila asubuhi, kwenye kiwanja cha ndege cha Villavicencio, rubani mmoja huja kwenye meza ya Yolima muuza kahawa na kusema neno lile lile, kwa sauti ya chini kama yuko kanisani: "Jaza mpaka juu, mama." Hanywi kwanza. Huunyoosha mkono wake mpana wenye makovu ya kuungua, kikombe kikiwa kiganjani, akakikodolea macho mpaka kahawa itulie kama kioo, ndipo anapiga mafunda mawili na kupanda ndege. Yolima alizoea kumcheka: "Kahawa yangu unainywa au unaipima?"

Kisha marubani wenzake wakachukuliwa na kampuni kubwa ya ng'ambo inayolipa vizuri, akabaki yeye anarusha ndege kwa zamu zao zote. Jumamosi moja, abiria wameshafunga mikanda, binti yake Yolima anapunga mkono kwenye dirisha la ndege, kahawa ilitikisika mkononi mwa rubani ikammwagikia vidoleni. Rubani akakirudisha kikombe mezani, akavua kofia.

"Leo sirushi."

"Unalipwa kwa saa za angani, Kapteni!" alifoka Don Eliécer, mwenye ndege. "Ukibaki chini, huli!"

"Basi sili." Akajilaza kwenye benchi, usingizi ukamchukua papo hapo.

Yolima alimtazama bintiye akishuka ngazi, ananung'unika kwamba atachelewa kazini. Akataka kumjazia rubani kikombe kingine, akikute akiamka, lakini kahawa yote iliishia mezani, kwa jinsi mikono yake ilivyokuwa ikitetemeka.