Vidonge Kwenye Makopo ya Vifungo

Asubuhi ile kitambaa kilianza kutembea. Fundi alikuwa amekitandaza juu ya meza ya kukatia, hariri ya rangi ya maziwa, amekipiga pasi na kukichora kwa chaki. Alipoinama na mkasi, mistari ya chaki ikajikunja polepole kama moshi, na meza ikawa inaelea. Hakuogopa. Ilikuwa raha ya ajabu, kama kulala huku umesimama. Akangoja kitambaa kitulie, maana kilikuwa hicho kimoja tu: mteja alikihifadhi sandukuni miaka ishirini na miwili akisubiri bintiye aolewe, na duka lililokiuza lilishafungwa.

Kwa miaka thelathini mkono wa Fundi haukuwahi kukosea kukata, na jina la nyumba yao ya ushonaji lilisimama juu ya mkono huo. Ndiyo maana hakuna aliyejua kwamba ana presha, na sukari, na magoti yanayowaka kila apandapo ngazi. Dawa alizificha kwenye makopo ya vifungo, akazipanga kama alivyopanga vifungo: kwa rangi. Pakiti na karatasi za maelezo alizitupa zisije zikaonwa. Vidonge vya waridi vilikuwa vya presha, vya manjano vya sukari. Magoti alijitibu mwenyewe kwa vidonge vyekundu vya maumivu, alivyonunua duka la dawa la mtaa wa pili ambako hawakumjua. Mwezi huu zahanati ilimpa vyeupe, naye akavifungulia kopo jipya. Miguu ilivimba hata viatu vikagoma. Aliwaambia watu ni joto.

Wifi yake, mke wa kaka yake, alikuwa dirishani akishona pindo, na alikuwa amemtazama kitambo.

"Wifi, weka mkasi chini."

"Leo wewe ndiye wa kunifundisha kukata?"

"Sikufundishi. Umekata hewa mara mbili."

Fundi akautazama mkasi. Ulikuwa mbali kabisa na kitambaa, naye angeapa kuwa uko juu ya mstari. Angeweza kumrushia wifi yake kejeli, kama walivyozoea, kisha aendelee. Badala yake akauweka, akaketi sakafuni kati ya vipande vya nguo, na mwanga wa dirisha ukawa unapanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Hapo chini ndipo alipomwambia yote, bila kumtazama usoni.

Wifi hakupiga kelele. Aliuliza makopo yako wapi, akayatia yote kwenye mkoba, huku akisema kumbe zile safari za chooni alizomcheka mwaka mzima ni ugonjwa, na sasa itabidi atafute jambo jingine la kumcheka.

Huko zahanati, muuguzi alitafuta pakiti, asizione. Akaleta za kwake, akalinganisha kidonge kwa kidonge. Vya waridi na vyeupe vilikuwa dawa ile ile ya presha, viwanda tofauti. Kwa siku tisa Fundi alikuwa amemeza dozi maradufu kila siku. Vyekundu navyo vilikuwa vikipandisha presha ambayo daktari amehangaika kuishusha, tena vinaumiza figo. Uvimbe wa miguu huenda umeletwa na dawa ya presha yenyewe. Daktari angeitazama upya, lakini Fundi asije akaiacha kwa kujiamulia.

"Kwa nini hukusema unameza hivi vyekundu?" muuguzi akauliza.

"Hamkuniuliza," Fundi akasema, kisha uso ukawaka kwa aibu. "Mliniuliza kila mwezi. Nilikana."

Jioni mteja alikuja kuangalia gauni. Wifi alishaandaa uongo, kwamba cherehani imeharibika, lakini Fundi alimtangulia.

"Nina presha na sukari, na nimechanganya dawa. Nipe siku nne. Nikikata leo nitakuharibia."

Mteja aliishika hariri, akaipapasa kwa kidole gumba.

"Afadhali," akasema. "Binti mwenyewe wasiwasi wa harusi unamfanya ale kutwa. Utampima upya."

Wifi alicheka mpaka uzi ukachomoka sindanoni. Fundi akataka kumsindikiza mgeni. Aliinuka kama muuguzi alivyomwelekeza: akakaa wima kwanza, akasimama, akatulia huku ameshika ukingo wa meza. Mteja naye akasimama mlangoni, hana haraka, akimngoja.