Tangi la Nadine

Mimi si mtu wa kusifu majirani. Tangu nistaafu udereva wa malori naishi ndani ya gari la nyumba, lenye kitanda, jiko na choo: kipupwe kikianza nipo hapa jangwani Arizona, joto likija nahamia kwenye ubaridi. Majirani niliowapata humo njiani wengi ni wambea. Lakini Nadine Okerlund namsifu, na asiyetaka kusikia na azibe masikio.

Mama huyu, naye mkazi wa gari kama langu, alikuwa msafi hadi kero. Sahani aliifuta kwa karatasi kabla haijaguswa na maji, maana maji ya garini ni ya kubeba, na yakishatumika yana tangi lake la kujaza. Zulia alilikung'uta nje kila asubuhi kabla ya kahawa. Kwenye barabara ya vumbi aliendesha polepole kama anayesindikiza jeneza, vumbi lisiingie ndani. Nilimtania kwamba siku atakayokufa atatandika kitanda kwanza. Akanijibu kwamba siku nitakayokufa mimi, watu watajua kwa harufu kupungua.

Mumewe, Vern, alipofariki, binti yao Kirsten alitaka mama arudi Minnesota, akae kwenye chumba cha chini ya ardhi nyumbani kwake. Nadine alikataa katakata. Wakavutana kwenye simu msimu mzima. Mwishowe binti akasema atakuja Jumamosi ajionee: akikuta mama anajiweza, sawa, akikuta gari limemshinda, linauzwa na wanaondoka pamoja. Nadine alinieleza hayo huku anasugua sinki lililokuwa linang'aa tayari. Aliniambia dirisha la chumba kile hufunikwa na theluji mpaka masika. Alikuwa anaogopa, na mimi nikaogopa naye.

Alhamisi asubuhi akaja mlangoni kwangu, hata kahawa hajanywa. Choo hakishuki. Nikaenda kuinama chini ya gari lake, nikaona koki ya tangi la choo iko wazi. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Ndilo kosa letu sisi watu wa magari haya. Ukikaa jangwani patupu unafunga koki, tangi linajaa, unakwenda kumwaga. Ukipata kambi yenye shimo la majitaka, unaunganisha mpira, unajiona uko kwenye nyumba ya matofali, unaiacha koki wazi. Maji yanakimbia yote, mzigo unabaki, unakauka na kupanda kama kichuguu. Mambo ya koki yalikuwa ya Vern. Nadine alijua usafi wa huku juu tu.

Akanitazama mpaka nikanyamaza. "Ukimaliza kucheka," akasema, "niambie nifanye nini."

Mimi ningelificha jambo lile. Lakini mficha uchi hazai, na Nadine mwenyewe alikwenda kulitangaza mezani, kambi nzima ikiwa imekusanyika na vyungu vyake kwa chakula cha pamoja. Nilimwonea aibu hadi maharage yakanishinda. Kila mtu akawa daktari. Huyu siki, yule aitwe fundi wa kunyonya majitaka, ambaye hangefika kabla ya binti. Mwishowe wakakubaliana: funga koki, jaza tangi maji na sabuni ya vyombo, acha mzigo uloweke, kisha tia barafu kupitia chooni, uendeshe kwenye barabara mbovu kuliko zote, kwa kasi, ili barafu isugue.

Hilo la kasi ndilo lililomchoma. Jumamosi asubuhi nilimkuta ameshika usukani, anayatazama madirisha yake safi kama mtu anayeaga. Nikajitolea kumwendeshea. Akanikatalia kavu: gari ni lake, mavi ni yake. Akaondoka kwa kishindo. Tulisikia vyombo vikigongana kabatini mpaka akapotelea ndani ya vumbi.

Na Kirsten naye akafika mapema. Alikuta uwanja mtupu, mpira wa majitaka umelala chini, na mimi nimekaa kitini kama mjinga. Akauliza mama yake yuko wapi. Nikasema amekwenda kulinyoosha gari kidogo. Hakuniamini, na sikumlaumu. Kabla hajauliza la pili, gari likatokea, limegeuka rangi ya udongo kuanzia paa hadi tairi.

Hapa kwetu mtu akirudisha gari kinyumenyume, watu hutoka na viti vya kukunja kutazama. Siku hiyo walitoka wote. Nadine akashuka, mvi zimekuwa nyekundu kwa vumbi, akamwona binti, akamwambia asubiri. Akavaa glavu hadi viwikoni, akaunganisha mpira. Kirsten akaanza kusema hiyo si kazi ya mtu wa umri wake. Nadine akavuta koki.

Mpira ule una kipande kinachoonyesha ndani. Yakapita maji machafu kidogo, kisha basi. Kimya. Nilijua tumeshindwa, nikakosa pa kutazama. Mara tangi likanguruma, mpira ukaruka kama umepigwa teke, na kichuguu chote kikashuka, kikapita, kikazidi kupita, mpaka yakaja maji meupe. Kambi nzima ikapiga makofi. Watu walisimama juu ya viti. Mimi nilipiga mbinja mpaka midomo ikauma, na sioni haya kusema nilitokwa na machozi.

Nadine akaifunga koki kwa mkono wake, akaijaribu kama imekaza, akavua glavu.

"Mama, nilikuja kukuchukua," Kirsten akasema.

"Najua. Sasa vua viatu uingie. Humo ndani kuna vumbi la kufuta, na kitambaa cha pili kipo."

Kirsten akavua viatu. Mchana kutwa niliwasikia wakibishana juu ya pembe za madirisha, na binti ndiye aliyekuwa akishindwa. Jumatatu alirudi Minnesota peke yake.